Kopo la Mkesha wa Idi

Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa saba na nusu mchana, mvua iliyokuwa ikiipiga Bujumbura tangu alfajiri ilikatika, na wingu zito likabaki limelala juu ya mtaa wa Bwiza kana kwamba halina safari nyingine siku hiyo. Landry Akilimali alisimama mbele ya lango la bati lililopakwa rangi ya kijani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu alivyovifuta mara mbili njiani. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, hakujua abishe kwa nguvu gani.

Lango hilo alikuwa ameapa kutolivuka tena, naye alikuwa mtu wa kushika viapo. Shule ya bweni ya mapadri kule milimani, alikoingia akiwa bado mtoto, ilimfundisha kutandika kitanda kabla ya kengele ya pili, kula kilichomo sahanini bila kuuliza, na kutorudi nyuma akishatamka neno. Mafunzo hayo yalimfanya kuwa mfamasia mwaminifu na mwana mwema kwa mama yake. Yalimfanya pia kuwa mtu mgumu wa kuomba radhi, na radhi ndiyo aliyoijia siku hiyo. Radhi, na jambo jingine ambalo hata moyoni hakuthubutu kulitamka kikamilifu. Juma lililopita mteja mmoja wa farmasia, akisubiri kufungiwa vidonge vyake, alikuwa ameropoka kwamba Sudi muuza vipuri anataka kumposa Assia binti Moubarak baada ya sikukuu. Anataka. Landry alilishika neno hilo tangu siku ile. Mwenye kutaka bado hajapata, alijiambia. Muda ulikuwapo.

Alibisha.

Aliyefungua alikuwa Zubeda, shangazi yake Assia, mwanamke wa mwili mkubwa, mtandio umefungwa nyuma ya shingo kwa ajili ya kazi, kisu cha vitunguu mkononi. Alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni, kisha macho yakarudi viatuni.

"Assia," aliita bila kugeuka, "mlinzi wa sufuria amerudi. Mwaka jana alisema anakuja sasa hivi. Sasa hivi yake ndiyo inafika."

"Habari za saumu, shangazi," Landry alisema.

"Saumu nzuri. Tumefunga mdomo, hatujafunga macho. Ingia, lakini matope uyaache kwa jirani."

Alipita. Ua ulikuwa uleule: nyumba mbili zilizotazamana, kamba ya nguo katikati, na chini ya kibaraza mbabura, jiko la makaa lililokwisha kushika moto. Upande wa pili wa ua huo ndiko familia ya Landry, watu wa Uvira, walikopanga miaka mingi kabla mama yake Odette hajahamia Gasenyi. Na katika miaka hiyo yote desturi ilikuwa moja: mwezi wa Ramadhani ukiingia, asiyefunga ndiye anayeonja. Wenye saumu hupika kwa pua na kwa macho. Jirani Mkristo huitwa jikoni alasiri, akapewa mchuzi kidogo na uji kidogo, akasema kama chumvi imetosha. Wanazuoni huruhusu kuonja na kutema, lakini Zubeda alisema ulimi wake anaujua yeye kuliko wanazuoni. Hivyo Landry akawa ulimi wa nyumba nzima. Alikuja na kijiko chake mwenyewe, kijiko cha bweni chenye namba yake ya shule, 47, aliyoichonga mpinini kwa ncha ya msumari, na alisema kweli daima. Mchuzi ukizidi chumvi alisema umezidi, hata kama mpishi alikuwa Zubeda na kisu kilikuwa karibu.

Assia alipoanza kutengeneza vitamu vya sikukuu na kuwauzia majirani, ulimi huo ulipata kazi nyingine. Karameli yake haikutokana na sukari ya kuunguza. Alichukua makopo ya maziwa mazito yenye sukari, akayabandua karatasi, akayalaza juu ya kitambaa ndani ya sufuria ili yasigongane, akayafunika kwa maji mpaka yazame kabisa, kisha akayaacha yachemke polepole kwa saa tatu bila kufunguliwa. Humo ndani, pasipo kuonekana na mtu, maziwa meupe yaligeuka kahawia. Hatari ilikuwa moja tu. Maji yakipungua na kopo likatokeza mgongo, joto hulifurisha mpaka likapasuka. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa, mwenye birika la maji ya moto pembeni, asiye na kazi nyingine isipokuwa kutazama. Assia alikuwa na sambusa za kukunja na sala ya kuswali. Mkaaji akawa Landry. Na katika saa hizo tatu za kopo, mlango wa baba ukiwa wazi na Zubeda akipitapita kutafuta vitu asivyovihitaji, ndipo walipopendana.

Sasa Assia alikuwa amechutama kando ya mbabura, akibandua karatasi ya kopo kwa ukucha. Alivaa dera la rangi ya zabibu, mikono yake mirefu imefungwa kwa vifungo hadi kwenye viganja ingawa joto la makaa lilikuwa kali. Hakuinua macho.

"Karibu, kaka Landry."

Hakuwahi kumwita kaka. Lile neno dogo la heshima lilimpiga mahali ambapo tusi lisingefika.

"Assia, nimekuja kukuomba..."

"Umekula mchana?"

"Nini?"

"Nauliza kama umekula. Kwa sababu utakaa." Alisukuma kigoda kwa mguu kikasimama mbele ya jiko. "Mwaka jana nilikuachia sufuria. Ukasema: nakuja sasa hivi. Basi mi nakudai saa tatu za kopo. Kaa ulipe kwanza. Maneno nitayasikia makopo yakishapoa."

"Na nikilipa?"

"Utakuwa umelipa."

Landry alikunja mikono ya shati lake, mikunjo miwili iliyolingana, akakaa. Zubeda alilirudishia lango kufuli kwa mlio mkubwa kuliko ilivyohitajika.

"Ufunguo naweka hapa," alisema, akiuingiza ndani ya kifua cha gauni lake. "Mwaka huu akitaka kutoroka, aje auchukue mwenyewe."

"Shangazi," Assia alisema.

"Nini? Nimefunga, sijakufa."

Makopo yalizama. Maji yalianza kunong'ona. Landry aliyatazama, na kumbukumbu aliyoikimbia mwaka mzima ikamkalia mapajani.

Mkesha wa Idi iliyopita, sufuria ikiwa juu ya moto huohuo, mzee Moubarak alimwita sebuleni. Alikuwa fundi wa injini aliyestaafu, mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kunyamaza katikati ya sentensi na kuitafuta nusu ya pili bila haraka, kama fundi anayepapasa spana ndani ya sanduku. Alisema: "Landry, mutoto ya Odette. Mtu akitaka kuingia kwangu, mlango ni mmoja." Kisha akanyamaza.

Landry alikuwa akiyangojea maneno hayo kwa miezi. Nyumbani, mama yake alikuwa amekwisha kuweka yake. "Watakupa jina ingine," Odette alisema akipakua ugali, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Jina lenye mi sitaweza kukuitia hapa mezani. Kama unaweza kula na hiyo, kula." Kati ya mama na mzee, Landry alikuwa amejitungia jibu, akalinyoosha na kulisafisha kama alivyosafisha viatu, na siku ile alilitoa zima. "Mzee, imani yangu siyo mahari," alisema. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka. Uani Assia aliinua uso wenye unga wa sambusa shavuni, akatabasamu. Mbele ya tabasamu hilo Landry alikosa ujasiri wa neno jingine lolote. "Nakuja sasa hivi," alisema, naye akapita lango, akapanda basi la kwanza, akaenda hadi kwa mjomba wake kule Kajaga, kando ya ziwa. Jioni nzima alitembea ufukoni akijiona mtu aliyeshinda mtihani.

Kopo lilipasuka kabla ya adhana ya magharibi.

Alikuja kusikia siku kadhaa baadaye, sikukuu imekwisha, kinywani mwa mtu aliyedhani anajua. Angeweza kwenda siku hiyohiyo. Lakini alikuwa ameapa. Na aibu ilipoongezwa juu ya kiapo, kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi.

"Maji," Zubeda alisema akipita na sinia.

"Nimeyaona, shangazi."

Alilifikia birika, lakini Assia alikuwa ameshika mpini wake tayari ili kulisogeza karibu. Kifungo cha mkono wa dera kilifunguka, kitambaa kikateleza. Kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa laini isivyo kawaida, yenye mng'ao, imefifia rangi kwa mabaka. Landry alikuwa ameona makovu mengi ng'ambo ya kaunta yake. Hilo hakuweza kulitazama, na hakuweza kuacha.

"Liliuma sana?" aliuliza, akajichukia kwa swali hilo.

Assia alifunga kifungo bila haraka. "Maji ya moto yanakupita, yanakwenda. Karameli haiendi. Inashika." Alirudi kwenye unga wake, akawa anaongea na sambusa. "Sudi alikuwa anapita barabarani, gari yake iko pale nje. Adhana inalia, amekwisha kushika tende mkononi. Akaiweka chini, akanibeba mpaka kwenye gari. Alifuturu kule hospitali, maji ya bomba, watu wamekwisha kulala. Asubuhi akaenda kununua dawa. Akarudi, akaniambia: pale farmasia karibu na soko kuna kijana mmoja ana sura ngumu, lakini amenielezea bien, vizuri kabisa. Osha kwanza, usitumbue malengelenge, paka asubuhi na jioni, funika na kitambaa safi. Nikamuuliza, kijana gani? Akanitajia miwani, akanitajia shati nyeupe. Nikajua ni we."

Landry alimkumbuka. Asubuhi ya Idi, mtu mrefu mwenye kanzu iliyochafuka kifuani na macho mekundu ya kukesha. Aliuliza jeraha lina ukubwa gani, akapima kwa kiganja chake, akaeleza matumizi mara mbili kwa utaratibu. Hakuuliza ni la nani. Ilikuwa kanuni yake kutouliza wateja mambo ya nyumbani kwao, na kanuni hiyo siku zote aliihesabu kuwa heshima.

"Sikujua, Assia."

"Najua haukujua. Ndiyo sababu nilikubali nipakwe." Alikunja sambusa nyingine. "Ungejua ukabaki dukani, ningeitupa."

Mvuke ulipanda kati yao. Assia aliinua macho hatimaye, mara moja, na Landry akaona kwamba yalikuwa macho yaleyale, ila mtu aliyekuwa akiishi ndani yake amehamia chumba cha nyuma. Alitazama pembeni. Hapo ndipo alipoyaona makopo mengine, safu nzima juu ya gazeti karibu na ukuta, yakingoja zamu.

"Mwaka huu vitamu ni vingi," alisema, kwa sababu lazima aseme kitu.

"Ya Idi ni haya ya sufuria tu. Yale mengine nitachemsha Alhamisi. Ni ya Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

Zubeda, aliyekuwa kizingitini, aligeuka akaingia ndani bila neno. Na ukimya wa Zubeda ulimtisha Landry kabla jibu halijafika.

"Ndoa," Assia alisema. "Ya kwangu."

"Nilisikia anataka kuposa."

"Aliposa mwezi wa Shabani. Baba alikubali, mbele ya watu."

Mwili wa Landry wote ulitaka kusimama. Alilijua tamanio hilo: lilianzia magotini, likapanda hadi shingoni, likamnyoosha mgongo kama kengele ya bwenini. Lilikuwa lilelile la mwaka jana, na mwaka jana aliliita heshima. Mbele yake povu dogo lilikuwa likizunguka, na ukingo wa kopo moja, mwembamba kama kucha, ulikuwa umeanza kung'aa juu ya maji. Aliinua birika. Alimimina polepole, pembeni, mpaka ukingo ukazama. Kisha akaweka birika chini na kubaki ameketi.

Assia aliona. Alisema tu: "Asante, kaka Landry."

Adhana ya alasiri ilipolia kutoka msikitini, mzee Moubarak alitoka na kopo la udhu. Alikuwa ameishiwa mwili tangu mwaka jana. Landry alianza kuinuka kwa adabu.

"Kaa," mzee alisema. "We ukisimama hapa kwangu, haurudi."

Landry alikaa. Mzee alijishusha kwenye ngazi ya kibaraza, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Mzee, mwaka jana nilikukosea adabu."

"Ulinikatiza. Kukosa adabu ni kitu ingine." Alinawa mkono wa kulia. "Ulisema imani yako siyo mahari. Ni maneno ya kweli, mi niliyapenda. Lakini ulijibu swali lenye sikukuuliza."

"Ulisema mlango ni mmoja."

"Ndiyo. Mlango ni mmoja." Alinyamaza, akaitafuta nusu ya pili, na safari hii Landry alimngoja. Maji yalidondoka kutoka kiwikoni mwa mzee, tone baada ya tone. "Nilitaka kusema: na mlango ule hauna saa. Mama yangu, Mungu amrehemu, jina lake la kuzaliwa ni Adélaïde. Aliolewa na baba yangu akiwa anakwenda misa, na baba alikuwa anamsindikiza mpaka kwenye ngazi za kanisa, anamngoja nje. Alikuja kusilimu mwenyewe, mi nimekwisha kuanza shule. Kwako isingekuwa vile, we ni mwanaume, binti ni wangu, sheria yetu unaijua. Ndoa ingengoja. Lakini kungoja kungekuwa kwetu sote. Nilitaka kukuambia, kaa na sisi. Uliza. Bishana na mi kama unavyobishana juu ya chumvi. Na baada ya sikukuu ningekwenda mi mwenyewe Gasenyi kwa Odette, nimwambie macho kwa macho, asije akayasikia barabarani."

"Na kama mwisho ningekataa?"

"Ungekataa ukiwa umekaa."

Landry alitazama viatu vyake. Vilikuwa na tope ambalo hakuliona likiingia.

"Kwa nini hukuniita, mzee?"

"Niite mtu aliyefunga koti mbele yangu?" Hakukuwa na ukali ndani yake; kulikuwa na uchovu. "Mi nina kiburi pia, mwanangu. Nilisema, atarudi kwa ajili ya mtoto, mkono umeungua. Nikangoja. Halafu mwenzako akawa anakuja kila jioni kuuliza mkono umeamkaje. Anauliza tu, anakwenda. Mpaka siku moja nikamwambia akae."

"Leo niko tayari kusikia yote."

"Najua. Nimekuona na birika." Mzee alimalizia miguu, akasimama kwa kushika nguzo. "Lakini nimekwisha kutoa neno, mbele ya watu. We unajua neno ni nini. Mwaka mzima umetuonyesha."

Aliingia kuswali. Landry alibaki na sentensi hiyo. Angeweza kusema maneno huvunjwa kila siku mjini. Angeweza kumwomba Assia mbele ya sufuria hii avunje la baba yake. Lakini angekuwa anaomba kwa wengine kile ambacho yeye mwenyewe angekidharau, na alijua kwamba Assia angekisoma usoni mwake kabla hakijatoka.

Saa tatu za kopo zilitimia. Assia aliipua sufuria, akaiweka chini ili makopo yapoe ndani ya maji yake, maana kopo likifunguliwa na moto wake humrukia mtu usoni. Sasa hapakuwa na cha kulinda. Alikaa kwenye ngazi alipokaa baba yake, mikono magotini.

"Sema sasa," alisema. "Maneno uliyokuja nayo."

"Niliyokuja nayo hayafai tena."

"Sema hata hivyo. Nilikuahidi kusikia."

Landry alivua miwani, akaifuta mvuke. "Nilikuja kuomba radhi kwa mkono wako. Na nilikuja kusema kwamba nilidhani nalinda imani yangu, kumbe nilikuwa nalinda sura yangu. Nilitaka kuomba kuanza upya, kwa kukaa." Alivaa miwani. "Unampenda?"

Assia alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri juu ya sukari. "Nimemzoea. Akisema anakuja, anakuja. Zamani sikujua kama hicho ni kitu kikubwa."

"Na kama ningekuja kabla ya Shabani?"

"Usiniulize hiyo. Mi niko na saumu, sitaki kusema uongo." Alitazama makopo ndani ya maji, na sauti yake ikashuka. "Unajua mwaka huu wote sikumpa mutu birika? Kila kopo nilikaa mwenyewe. Shangazi anasema, pumzika, mi nakaa. Nikakataa. Nilikuwa najiambia, Landry atarudi, kwa sababu anadaiwa. Mtu kama ule haachi deni. Hata Sudi alipoposa, nilikuwa bado nasema hivyo, kidogo."

"Assia."

"Acha. Kopo limepoa."

Alilifungua kwa ufunguo wa kopo, polepole, akizunguka. Hakuna kilichoruka. Kifuniko kilipoinuka, karameli ilikuwa imejaa hadi ukingoni, nzito, ya rangi ya kahawia yenye wekundu, uso wake laini bila povu. Assia aliingia ndani akarudi na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kijiko cha bweni, namba 47 mpinini.

"Mlikihifadhi," Landry alisema.

"Ulikiacha pembeni ya mbabura. Hakuna mutu mwingine alionja nacho."

Landry alichota, akaweka ulimini. Utamu ulimjaa, kisha nyuma yake ikaja ladha ya maziwa yaliyokaa sana kwenye joto, na mwisho pale ambapo pangepaswa kuwa na kitu cha kuuzuia utamu huo, hapakuwa na kitu. Angeweza kusema ni nzuri. Siku ya Idi watu wangekula, wasingejua.

"Imeiva vizuri," alisema. "Chumvi imepungua."

"Kiasi gani?"

"Ncha ya vidole. Siyo zaidi."

Assia alitia, akakoroga, akampa tena. Landry alionja. Alifumba macho, na alipoyafumbua alimkuta akimtazama kwa namna ya zamani, uso umeinuliwa, akingoja hukumu.

"Sasa imekamilika. Na yale ya Jumamosi, tia hivyohivyo."

"Kweli?"

"Sijawahi kukudanganya kwenye kijiko."

"Kwenye kijiko, apana," Assia alisema.

Anga ilianza kuingia giza. Zubeda alitandika mkeka wa futari, akapanga tende na uji, na hakumpangia Landry kikombe wala hakumfukuza. Juu ya paa la jirani watu walikuwa wamekwisha kupanda kutafuta mwezi katikati ya mawingu. Assia alikichukua kile kijiko, akakiosha, akakikausha kwa pindo la kitambaa mpaka namba ikaonekana wazi, kisha akamnyooshea Landry kwa mikono miwili.

"Hiki ni chako."

"Kinaweza kubaki. Kwa ajili ya mwakani."

"Mwakani sitakuwa hapa. Kule kwa Sudi kuna jirani Mkristo, anaitwa Annick. Ana kijiko chake."

Landry alikipokea. Kilikuwa bado na joto la maji.

"Ningependa kukaa mpaka mwezi uonekane," alisema, akijua hana tena haki ya kukalia kigoda hicho. "Nilichelewa mwaka mzima. Saa tatu hazitoshi."

"Zinatosha. Nilikuambia saa tatu za kopo." Macho yake yalijaa, lakini sauti haikuyumba. "Deni umelipa, kaka Landry. Sikudai tena."

Zubeda alichomoa ufunguo kifuani, akafungua kufuli. Alikuwa na mwaka mzima wa maneno ya kumwambia kijana huyo langoni, na hakusema hata moja. Alimgusa begani tu, kwa mgongo wa mkono usio na kisu.

Landry alitoka. Nyuma yake adhana ilianza, ua ukanyamaza kwa tonge la kwanza, na kufuli ikarudi mahali pake bila kishindo. Alikitia kijiko mfukoni mwa shati. Maisha yake yote aliogopa kitu kimoja, kudaiwa. Na sasa alisimama katikati ya barabara ya Bwiza, matope viatuni, akiwa hadaiwi chochote na mtu yeyote.